Kutembelea shamba la mafunzo na bustani ya mimea: mambo ya kuuliza kabla ya kubeba mbegu

Kila mwaka baada ya sikukuu ya Nane Nane, simu zetu hapa redioni hujaa ujumbe wa aina moja. Msikilizaji amekwenda kwenye maonesho, ameona mahindi yenye magunzi mawili kila shina, amenunua mbegu ileile, amepanda, na shamba lake halikufanana hata kidogo na lile aliloliona. Anauliza: je, nilidanganywa?

Mara nyingi hakudanganywa. Aliyaona mahindi, ila hakuona kilichoyafanya yawe vile. Ndiyo maana tumeandika makala hii kwa ajili ya vikundi vya wakulima, walimu na familia wanaopanga safari ya kwenda shamba la mafunzo au bustani ya mimea. Safari hizo ni nzuri na tunazipenda. Lakini anayerudi na picha nyingi na kichwa kitupu huwa amepoteza nauli tu. Anayerudi na kipandikizi kibaya anaweza kupoteza msimu mzima, na jirani zake nao wakapoteza.

Kwanza tutenganishe maneno

Kuna maeneo ya aina kadhaa ambayo watu huyaita "shamba la mafunzo".

Kipando ni kiploti kidogo kilichooteshwa ili kionekane. Vipando vya Nane Nane ni vya namna hii, vile vya Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Themi Arusha, Ngongo Lindi na viwanja vingine. Aliyekiotesha anataka ukipende. Huenda ni kampuni ya mbegu, halmashauri, jeshi au chuo.

Shamba darasa ni kitu kingine. Ni kikundi cha wakulima wanaokutana shambani, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa msimu mzima, wakilinganisha vipande viwili: kimoja kinalimwa kwa mazoea, kingine kwa njia mpya. Mtindo huu ulianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, wakati wakulima wa mpunga walipokuwa wakipulizia dawa kupita kiasi huku wadudu wakizidi kuongezeka, kwa sababu dawa iliua pia wadudu marafiki waliokuwa wakiwala wale waharibifu. Ulifika Afrika Mashariki katika miaka ya 1990. Katika shamba darasa hakuna wa kukupendezesha. Kipande kilichoshindwa kinabaki palepale, nawe unakiona.

Halafu kuna vituo vya utafiti, kama TARI Tengeru karibu na Arusha, ambako aina za nyanya zinazojulikana na wakulima wengi, Tanya na Tengeru 97, zilipewa majina yake. Jirani hapo kipo pia kituo cha World Vegetable Center, kinachohifadhi na kuboresha mboga zetu wenyewe: mnavu, mchicha, ngogwe, mlenda. Mwisho ziko bustani za mimea, zilizopandwa miti kutoka kila pembe ya dunia, ambako mtu huenda kutembea, kupumzika na kujifunza majina.

Ukishajua uko wapi kati ya hapo, utajua pia nini cha kuuliza.

Mahindi mabichi mwezi wa nane

Tuanze na kipando, kwa sababu ndicho wengi wetu tunachokifikia.

Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka hazifiki milimita 700. Mwezi Agosti nyasi zimekauka na upepo unapeperusha vumbi. Sasa ukifika Nzuguni tarehe 8 Agosti ukakuta mahindi mabichi yanang'aa, swali la kwanza si la mbegu. Swali la kwanza ni la maji: yanatoka wapi, na yanamwagiliwa mara ngapi kwa wiki?

Hakuna ubaya wowote hapo. Maonesho yako Agosti, hivyo lazima wamwagilie. Lakini ile mbegu unayoiona ikistawi inakuonesha uwezo wake ikiwa na maji ya kutosha, haikuoneshi itakavyofanya mvua ikikatika wiki tatu katikati ya Februari. Kama shamba lako linategemea mvua, muulize mtaalamu aliyesimama pale: "Mbegu hii inachukua siku ngapi hadi kukomaa? Ilijaribiwa wapi bila kumwagilia?" Mtaalamu mzuri atalifurahia swali hilo. Akikwepa, nenda kipando cha pili.

Jambo la pili ni ukubwa. Ekari moja ina karibu mita za mraba 4,047. Kipando cha hatua ndefu 10 kwa 10, yaani mita 10 kwa 10, ni kama sehemu moja ya arobaini ya ekari. Ukiambiwa kipando hicho kilitoa kilo 20 za mahindi makavu, zidisha kwa 40: unapata kilo 800, yaani gunia 8 za kilo mia mia kwa ekari. Hesabu hiyo inafanyika kwa simu yoyote, hata ya kitochi. Lakini kipando kikiwa kidogo zaidi, tuseme mita 3 kwa 4, vinahitajika vipando 337 kujaza ekari. Hapo kosa la nusu kilo kwenye mizani linageuka kuwa karibu kilo 170 kwenye ekari. Tena mimea ya pembeni hupata mwanga na nafasi kuliko ya katikati, na kwenye kipando kidogo karibu mimea yote ni ya pembeni. Kwa hiyo ukisikia "gunia 35 kwa ekari", uliza ekari hiyo ilikuwa wapi, au ni hesabu iliyopigwa kutoka kwenye kipando.

La tatu ni mbolea, na hapa ndipo fedha inapokwenda. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu moja kila shimo, ekari inabeba takribani mashimo 18,000. Ukiambiwa "weka kizibo kimoja cha soda kila shimo", inasikika kama kitu kidogo. Lakini kizibo kinabeba kama gramu 5. Gramu 5 mara 18,000 ni kilo 90, karibu mifuko miwili ya kilo 50, na hiyo ni ya kupandia tu. Bado ya kukuzia. Fanya hesabu hiyo ukiwa palepale umesimama, kisha jiulize kama mfuko wako unaruhusu. Ukiweza nusu yake, uliza kipando kingefanyaje kwa nusu. Sisi tunaona hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote, na tumeshangaa ni watu wachache kiasi gani wanaoliuliza.

Amani, mahali ambapo msitu uliwadanganya wataalamu

Usidhani ni mkulima mdogo peke yake anayedanganywa na macho. Tuwapeleke sasa Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Wajerumani walipofika huko katika miaka ya 1890 waliona msitu mnene, miti minene, mvua nyingi. Wakasema: ardhi inayobeba msitu kama huu lazima iwe na rutuba ya ajabu. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Kahawa ikawashinda. Udongo wa kule umeoshwa na mvua kwa miaka mingi sana na una tindikali, na rutuba yote iliyokuwapo ilikuwa ikizunguka kati ya miti na majani yaliyooza juu ya ardhi. Ulipoondoa msitu, uliondoa rutuba pamoja nao.

Wakati huohuo, chini kwenye nchi kavu ya Pangani, ilikuwapo hadithi iliyokwenda kinyume. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, kwa njia ya Hamburg. Iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba ya mkonge yaliyotawala uchumi wa Tanga kwa miongo mingi. Mahali palipoonekana pabaya palifaa, na palipoonekana pazuri hapakufaa.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikaanzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo hapo Amani. Walichofanya ni kupanda karibu kila kitu kutoka nchi za joto ili waone kipi kinaota: mdalasini, karafuu, miti ya mpira, mikwinini, mbao za kila aina. Vilipandwa katika miinuko tofauti, kutoka Sigi kule chini hadi Amani yenyewe iliyo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, magome ya mikwinini ya Amani yalitumika kutengeneza dawa ya malaria kwa askari, kwa kuwa meli za Ujerumani hazikuweza kufika.

Miti mingi kati ya hiyo bado ipo. Leo eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, na linatembelewa na wanafunzi pamoja na wageni kutoka mbali. Njia ya kupanda kutoka Muheza ni ya kona, na mvua ikinyesha huteleza, basi usiende na gari lililochoka.

Lakini kwa mkulima, jambo kubwa la Amani ni muhogo.

Mwaka 1936 mtafiti wa Amani, H. H. Storey, aliueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa tunaouita michirizi ya kahawia. Yeye na wenzake walikuwa tayari wanahangaika na batobato. Hawakupata muhogo uliostahimili vya kutosha, basi wakauchavusha na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira wa jamii ya muhogo ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Chotara za kwanza zilikuwa na mizizi isiyofaa kuliwa. Wakazirudisha kwenye muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, hadi miaka ya 1950. Moja ya chotara hizo ilibaki mikononi mwa wakulima wa pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso. Watafiti walipokuja kupima vinasaba, walikuta inalingana na Namikonga, muhogo unaojulikana kusini mwa Tanzania kwa kuvumilia michirizi ya kahawia. Namikonga hiyo nayo imetumika kama mzazi wa mbegu mpya. Kwa hiyo inawezekana kabisa, msikilizaji, kwamba muhogo uliokula jana una babu yake kwenye kilima cha Amani.

Wageni waliotoroka bustanini

Bustani hiyohiyo ina upande wake mwingine, na tungekosea tukiuacha.

Ukitembea msitu wa Amani utaona mti mmoja mrefu, ulionyooka, kila mahali palipowahi kukatwa. Kitaalamu unaitwa Maesopsis eminii. Asili yake si Usambara. Unatoka misitu ya magharibi, Uganda na Kagera hadi Kongo. Uliletwa ukapandwa. Magogo ya msitu wa asili yalipovunwa katika miaka ya 1970 na 1980, mapengo yakabaki, hondohondo wakala matunda yake na kuzitupa mbegu kwenye mapengo hayo, na mti ukaenea ndani ya msitu ambao una mimea isiyopatikana kokote duniani.

Lantana, ua lile lenye rangi ya njano na nyekundu lililogeuka kichaka kwenye malisho yetu na kudhuru ng'ombe wanaolila, liliingia kama pambo la bustani. Magugu maji nayo yalipendwa kwa ua lake la zambarau kwenye mabwawa ya mapambo. Asili yake ni Amerika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaonekana Ziwa Victoria, na wavuvi wa Mwanza, Kisumu na Jinja wanajua yaliyofuata: mitumbwi ikakwama gatini.

Tunasema hivi kwa sababu ya kile kijitawi ambacho mgeni hukichuma na kukificha mfukoni. Watu wazima wenye heshima zao hufanya hivyo, tumewaona. Kwenye hifadhi ni kosa kisheria, na nyumbani kwako hujui mmea huo utafanya nini.

Kipandikizi kizuri chenye mizizi mibovu

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Kuna vitu vya kubeba kutoka shamba la mafunzo na vitu vya kuacha. Mbegu ya nafaka au mboga iliyo kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI kwa Tanzania au stika ya KEPHIS kwa Kenya, beba bila wasiwasi. Kwangua lebo, tuma namba kwa simu, usubiri jibu kabla ya kulipa. Inachukua dakika moja.

Vipandikizi vya muhogo, machipukizi ya migomba na marando ya viazi vitamu ni habari nyingine. Hivyo ni vipande vya mmea wenyewe, na ugonjwa wa mama unakwenda na mtoto. Batobato angalau unajionesha kwenye majani yaliyojikunja yenye madoa ya njano. Michirizi ya kahawia ni mjanja. Dalili za majani huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na hayo yakishapukutika wakati wa kiangazi, shina linabaki limesimama zuri kabisa. Unakata, unapanda, shamba linapendeza, na siku ya kung'oa unakuta ndani ya mzizi kuna uozo mkavu wa kahawia usiofaa ugali wala makopa. Miezi kumi ya kazi imekwisha, na chakula hakuna.

Inzi weupe huusambaza ugonjwa huu, lakini hawaupeleki mbali. Umbali mrefu, wilaya hadi wilaya, unapelekwa na mtu aliyebeba mzigo wa mashina kwenye basi au pikipiki kwa nia njema kabisa. Kwa miaka mingi michirizi ya kahawia ilikuwa zaidi ni ugonjwa wa ukanda wa pwani na maeneo ya chini. Tangu mwaka 2004 hivi ikaonekana Uganda kwenye miinuko, kisha ikaenea kandokando ya maziwa makuu.

Basi kama umependa muhogo ulioonyeshwa, usiombe shina kwa mlinzi. Andika jina la aina hiyo, halafu mwone afisa ugani wako akuelekeze kwa mzalishaji wa vipandikizi aliyekaguliwa. Kwa migomba tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mnyauko hubebwa hata na panga. Ukirudi kutoka shamba la migomba la wengine, osha panga na viatu kabla ya kuingia kwako.

Kizimbani, Nairobi, Entebbe

Unguja, Kizimbani ni jina la zamani katika habari za karafuu, na leo kuna kituo cha utafiti wa kilimo pamoja na mashamba ya viungo yanayotembelewa na watalii. Mwongozaji atakunusisha majani na kukusokotea kofia ya makuti. Vaa kofia, cheka, kisha muulize kuhusu vanila.

Vanila inapigiwa debe sana siku hizi. Asili yake ni Meksiko, na huku kwetu hakuna nyuki wa kulichavusha ua lake. Kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa kijiti, asubuhi ileile linapofunguka, maana halisubiri kesho. Ufundi huo uligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12. Mmea hukaa kama miaka mitatu kabla ya kutoa maua, na ganda hukaa karibu miezi tisa kabla ya kuvunwa. Mtu akikuuzia mche wa vanila bila kukueleza hayo, amekuuzia nusu ya habari.

Walio karibu na Nairobi wanayo Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, wakati ambapo reli ilihitaji kuni nyingi kwa ajili ya injini zake. Miti ina vibao vya majina, na kwa mwalimu mwenye wanafunzi wa mjini hapo ni darasa rahisi. Entebbe, bustani ya mwaka 1898 iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na kwa kweli uzuri wake unatosha hata kama hukuja kujifunza chochote. Watoto wakimbie kwenye nyasi, nyani watazamwe, chakula kifichwe.

Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Piga simu kabla ya kwenda. Viingilio hubadilika, na vituo vya utafiti hutaka kujua idadi ya wageni ili wampange mtu wa kuwapokea. Nendeni kikundi, kwa uchache watu watano, na gawaneni kazi: mmoja aulize maji, mmoja mbolea, mmoja magonjwa, mmoja soko. Mmoja arekodi sauti, kwa ruhusa. Piga picha kibao cha kipando kabla ya kupiga picha ya mahindi, kwa sababu nyumbani kila hindi litafanana na jingine na hutakumbuka lipi lilikuwa lipi.

Jaza udongo wa shamba lako kwenye kopo dogo uende nao. Watu watakucheka kwenye basi. Lakini mtaalamu akiushika mkononi, akaumwagia maji kidogo na kuufinyanga, atakwambia mengi kuliko ukimwambia kwa mdomo kwamba una "udongo mzuri tu".

Ukirudi, usipande ekari. Pima mita 10 kwa 10 kwenye shamba lako la kawaida, si pale karibu na zizi penye samadi. Panda mbegu mpya hapo, na kando yake panda ya zamani kwa kipimo hichohicho, siku hiyohiyo, palizi ileile. Vuna kila upande peke yake, kausha, pima, zidisha kwa 40. Kisha ututumie ujumbe wenye namba zote mbili, hata kama mbegu ya zamani ndiyo iliyoshinda.